Kura Ushibe

APOLONIA: Haloo? Nani mwenzangu?

DASTAN: Mwangaluka, dada Apolonia.

APOLONIA: Mhola. Nani?

DASTAN: Mtumishi asiyefaa, Dastan Mayige, kidato cha tatu—

APOLONIA: Nakata.

DASTAN: Usikate! Nimeazimwa simu na mnunuzi wa pamba, huyu mpya, hapa kwenye mzani Bariadi. Vocha yake ina dakika tatu. Shangazi hajambo? Samaki wa huko Lamadi—

APOLONIA: Dastan. Zile barua nilizokuta kwenye Biblia yangu. Uliandika wewe?

DASTAN: [mkwaruzo] Mtandao unakatakata...

APOLONIA: Haukatiki.

DASTAN: ... Ulijuaje?

APOLONIA: Mwalimu Constantine alisoma insha yako darasani. “Tulikura wali, tukaraara.” Wote wakacheka. Mimi nikakumbuka: “Mwanangu, kura ushibe. Ni mimi Baba yako.”

DASTAN: Kisukuma hakina r, dada. Tukiipata tunaitia popote.

APOLONIA: Hata kwenye kinywa cha Mungu?

DASTAN: Ile ya kwanza ilikuwa utani. Nilitaka uisome kwenye ibada, tucheke.

APOLONIA: Na zile mbili?

DASTAN: Ulianza kula. Tangu tumzike mama yako ulikuwa unarudisha sahani imejaa. Siku ile ukamaliza ugali. Nikaogopa kuacha.

APOLONIA: Baba yangu alihamia Rukwa na ng'ombe, mwaka wa sita huu. Hajui kuandika. Nikajua siyo yeye. Nikasema basi ni wa mbinguni, ameamua kunilea mwenyewe. Nikapiga magoti nikamwita Baba. Mara ya kwanza, Dastan! Sasa nikipiga magoti nasikia sauti yako.

DASTAN: Nisamehe. Mchungaji anakuulizia. Ubatizo ni Jumapili, umeandikwa wa pili—

APOLONIA: Najua nimeandikwa wa ngapi.

DASTAN: Usimwache Mungu kwa ajili yangu. Mimi ni mjinga mwenye kalamu.

APOLONIA: Na matroni Salu wa bweni letu? Alikesha na mimi nilipougua, akanifulia shuka. Naye ulimtuma?

DASTAN: Hapana! Haki ya—

APOLONIA: Usiape. Na wiki ile nilikosa usingizi, nikaomba, nikalala mpaka kengele?

DASTAN: Hilo silijui kabisa. Mimi ni karatasi tatu tu.

APOLONIA: Kumbe siyo yote yako.

DASTAN: Utakuja?

APOLONIA: Nitakuja. Wewe usikanyage pale.

DASTAN: Lakini kwaya nzima besi ni mimi peke yangu!

APOLONIA: Waimbe bila besi. Nikitoka majini sitaki kukuta uso wako.

DASTAN: Hata nikikaa nyuma kab—

APOLONIA: Hata nje ya uzio.

DASTAN: Sawa. [mlio] Vocha hiyo inalia. Umenisamehe?

APOLONIA: Bado.

DASTAN: Basi niseme nini?

APOLONIA: Niage. Kwa jina lako.

DASTAN: ... Ni mimi, Dastan. Kwaheri.

APOLONIA: Haya, Das—

[Simu imekatika.]