Bi Ng'ambo, Kivuko Chenye Mbele Mbili

Marehemu kivuko chetu alishushwa majini tarehe 14 Machi 1989, akafika hapa gatini Agosti ya mwaka huohuo. Alibeba magari ishirini na mawili na abiria mia mbili. Kwenye karatasi jina lake lilikuwa namba tu. Watu wa upande wa soko walimwita Bi Ng'ambo, maana kila wakimhitaji yuko ng'ambo. Wa upande wa hospitali nao wakamwita hivyohivyo, kwa sababu hiyohiyo.

Masomo yake yalikuwa wiki sita za majaribio. Alikuwa na mlango huku na huku, na usukani huku na huku, gari likiingia halirudi nyuma. Safari ya kwanza nahodha alijisahau, akashika usukani usio wake na kuligonga gati lilelile tulilopakilia.

"Kapteni, tumeshafika?" akauliza bibi mmoja, amekumbatia trei ya mayai.

Mwaka 1991 alikabidhiwa kwa fundi mkuu, mdogo wangu, wakaishi pamoja miaka thelathini na miwili. Shemeji alimwita mke mwenza. "Huyo mwenzangu akikohoa unakimbia. Mimi nikikohoa, eti kunywa maji!"

Tarehe 9 Mei 1996, safari ya saa nne asubuhi, mama mmoja aliyekuwa akiwahi hospitali alijifungua binti kwenye benchi la tatu, katikati ya maji. Karani wa vizazi akauliza, "Kazaliwa upande gani?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo ipi, mama?"

"Zote."

Karani akachoka, akaandika: Ndani ya kivuko.

Kuanzia 2019 injini ya kushoto iliugua moshi. Mdogo wangu alimtibu kwa vipuri vya kuchonga mwenyewe, mpaka daraja la kuunganisha pande zetu mbili likakamilika. Safari ya mwisho ilikuwa tarehe 30 Juni 2023, saa kumi jioni. Aliyezima injini ni yeye, hakutaka mtu amsaidie.

Juzi walipokuja wakata vyuma, yule binti wa benchi la tatu, sasa muuguzi, alimfuata mdogo wangu mbio. "Baba, mahali nilipozaliwa panakatwa vipande! Nikiulizwa, nioneshe nini?"

Mkubwa wa wakata vyuma akasema chuma chote kina mwenyewe.

"Benchi ni mbao," mdogo wangu akamjibu, bisibisi tayari mkononi.

Marehemu ameacha mume, mke mwenza, binti mmoja mwenye benchi lake, na sisi wa pande zote mbili. Apumzike kwa amani huko aendako. Safari hii tuliobaki ng'ambo ni sisi.