Ugonjwa wa Kuchechemea

Kijiwe cha Dutwa kimeegemea ukuta wa ghala la pamba, lile ambalo tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, kila msimu linabandikwa bango jipya. Kina benchi moja, mafiga matatu na birika la kahawa la Mayala, ambaye leo amepata kuni za bure, kwa hiyo vikombe vinajaa mpaka juu. Nkwabi alikuwa ameshuka kwenye basi la Lalago, alikokwenda kumjulia hali shemeji yake, akakaa kwanza kijiweni kabla ya kwenda kwake. Hapa wanamwita Kimya, maana hunywa, husikiliza, huondoka. Hakuna aliyewahi kumuuliza ana watoto wangapi, naye alimshukuru Mungu kwa hilo.

— Mwangaluka, Kimya. Jana umekosa sinema, alisema Joakim, ambaye kwa kupenda kutangaza habari anaitwa Redio. Watoto wa chekechea wote walikuwa wanachechemea.

— Wanaumwa?

— Wanaumwa kitabu. Mwalimu Maximiliana kaletewa na kanisa kitabu cha picha. Ndani yumo mtoto mwenye mguu mkavu, anatembelea gongo, na wenzake ndio wanamgombea wacheze naye. Basi na wetu wakatoka kila mmoja na kijiti kwapani.

— Hiyo ni biashara tu, alidakia Marcelo, mnunuzi wa pamba anayeitwa Soko Huria. Mwaka huu picha, mwakani lori la magongo. Mitumba si ilianza hivyo hivyo? Chanda chema huvikwa pete.

— Pete imeingiaje hapo?

— Fikiria utaona.

— Mimi nasema wino, alisema Redio. Wamechanganya na dawa ya kupulizia pamba. Mtoto akipitisha kidole kwenye picha, mshipa unalegea. Si bure hata ng'ombe wangu anachechemea msimu huu.

— Ng'ombe wako naye kasoma? aliuliza Mayala.

— Analala karibu na kanisa.

Wakacheka. Nkwabi naye alicheka kidogo, kisha akauliza:

— Mkafanyaje?

— Tukawakamata. Makofi mawili kila mmoja, fimbo tukakusanya. Ndizo hizo zinachemsha kahawa yako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sisi tumewahi kabla guu halijavunjika. Ila kuna kabinti kamoja kembamba, bwana, kalinishangaza. Kameng'ang'ania fimbo yake, hakaachii. Nilipoivuta, kakaanguka chini, kakaigiza mpaka mwisho, kakaondoka kwa magoti mpaka kwenye mashamba ya pamba. Watoto wa siku hizi ni wasanii.

Nkwabi akatazama motoni. Kati ya vile vijiti ilikuwemo fimbo moja iliyonyooka, imechongwa vizuri, na ncha iliyobaki nje ya moto ilikuwa na kipande cha raba ya tairi. Misumari ya raba ile aliipigilia yeye. Aliitengeneza ya kutembelea ndani ya ua tu, maana tangu homa ilipomkausha mguu akiwa mdogo, binti yake Kwandu hakuvuka ua wa minyaa wa kwao. Nkwabi alijiambia anamkinga mtoto asichekwe. Aliyeogopa kuchekwa alikuwa yeye, na alilijua hilo, na lilimuuma.

Hapo ndipo Mwalimu Maximiliana alipofika, viatu vimejaa vumbi.

— Habari za hapa, wazee. Namtafuta mtoto. Alikuja jana kwa mara ya kwanza, ana fimbo yenye raba chini. Aliniambia amewaona wenzake kupitia minyaa, na hakujua kama wanaotembea kama yeye wako wengi hivyo. Nikashindwa kumwambia wanacheza. Nikaingia ndani kidogo, kutoka sikumwona tena, na leo hajaja. Ni wa nani?

Redio akashusha kikombe chake chini polepole.

Nkwabi aliichomoa ile fimbo motoni kwa mkono mtupu, akaisugua mchangani mpaka ikazimika.

— Wangu, alisema. Anaitwa Kwandu.

— Kimya, kumbe una binti? aliuliza Mayala.

Mwalimu alimtazama Nkwabi, wala hakuwa na hasira.

— Yule amepita hata umri wa chekechea, baba. Miaka yote hiyo, mbona hukumleta?

Nkwabi akageukia benchi. Watu hawa walikuwa na jibu la wino, la lori na la ng'ombe. Redio alikuwa anaangalia miguu yake. Kahawa ilifoka ikamwagikia mafiga, na Mayala hakuiondoa.

Nkwabi akasimamisha kipande cha fimbo kilichobaki kando ya mguu wake, kama alivyozoea akimpimia mtoto. Juzi kilimfika Kwandu kwapani. Sasa kiliishia chini ya goti la baba yake. Akaondoka nacho hivyo hivyo kwenda nyumbani.