Mhusika Yuko Wapi? Maisha ya Stella Gervas Kobelo, 1957–2025

Marehemu Stella Gervas Kobelo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 huko Matombo, Morogoro, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Gervas Kobelo na mama Yuliana. Baba yake alikuwa mchukuzi wa mizigo katika soko la Kariakoo, na mwaka 1965 aliileta familia yote Dar es Salaam, wakapanga Mtaa wa Msimbazi. Stella aliingia mjini na maswali. Aliuliza kwa nini nazi huuzwa moja moja na dagaa kwa fungu, na kwa nini mtu aitwe mgeni mahali anapolala kila siku. Baba yake alimwambia, "Mwanangu, bakiza mengine ya kesho." Kesho yake aliyakumbuka yote.

Alisoma Shule ya Msingi Mnazi Mmoja, akamaliza darasa la saba mwaka 1972. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Alijifunza cherehani, na kuanzia mwaka 1975 hadi 2016 alishona kwenye baraza ya duka la vitambaa la Bw. Tulsidas, Mtaa wa Uhuru. Alikuwa na msimamo wake katika kazi: hakukata kitambaa kwa vipimo vya kuletewa. Mwanamume akija na kusema, "Mke wangu ana mwili kama wa huyu dada hapa," Stella alimrudishia kitambaa. "Mlete mwenyewe. Gauni halitavaliwa na huyu dada." Wengine walinuna, lakini walirudi na wake zao.

Mwaka 1994 alichaguliwa kuwa mjumbe wa serikali ya mtaa, na hata baada ya kuacha nafasi hiyo mwaka 2014 watu waliendelea kumwita Mjumbe. Mtu akija kumshtaki jirani, yeye aliuliza kwanza, "Mhusika yuko wapi?" Kama mhusika hayupo, cherehani iliendelea kulia. Bw. Ghanim, mwenye duka la manukato, anakumbuka alivyokaa pale asubuhi nzima na malalamiko yake juu ya mpangaji wa ghorofani.

"Mjumbe, nisikilize basi!"

"Ndugu yangu, nikikusikiliza peke yako nitakuamini. Ngoja aje, tuchanganyikiwe wote."

Mpangaji alipofika, shauri lilikwisha kabla kahawa haijapoa.

Tarehe 3 Juni 1978 alifunga ndoa na Bw. Pantaleo Mbena, fundi redio. Ilipoletwa posa, wazee walikaa ndani wakamzungumzia Stella, naye akawekwa uani na sufuria ya chai. Stella aliingia na chai, akaketi mkekani katikati yao. Shangazi yake akamkonyeza atoke. Yeye akamgeukia Pantaleo, aliyekuwa amejikunyata mlangoni. "Na wewe umeulizwa?" Pantaleo akasema, "Hapana." Wazee walicheka mpaka posa ikapita. Mungu aliwajalia watoto wawili, Benjamini na Editha.

Pantaleo alifariki mwaka 2009 baada ya kuugua ini kwa muda mrefu. Alipokuwa wodini, daktari alizungumza na wazee, wazee wakazungumza na ndugu, naye alikuwa akitazama dari. Stella alisema mara nyingi baadaye, "Waliulizwa wote isipokuwa mwenye maumivu. Nikaulizwa hata mimi."

Mwezi Machi 2023 Stella aligundulika kuwa na saratani. Alitibiwa kwa mionzi, akapata nafuu, akarudi barazani kupiga soga na Ranjanben, mjane wa Bw. Tulsidas. Juni 2024 ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye mifupa. Daktari alimwita Benjamini pembeni kumpa habari, na kutoka kitandani ikasikika sauti: "Daktari, mhusika yuko huku." Daktari, mama kijana na mpole, alirudi, akaketi, akamweleza yote. Kuanzia siku hiyo walikuwa marafiki.

Stella hakuuogopa ugonjwa kama alivyoudadisi. Alitaka kujua maumivu yatafika wapi na dawa itaishia wapi. Akajua kwamba kuna mahali dawa huishia kabla ya maumivu. Akataka kujua, mtu akifika hapo, nani anaamua.

Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, ndugu na majirani walikusanyika nyumbani kwa Benjamini, Mchafukoge, kuujadili ugonjwa. Kama ilivyo desturi yetu, walikaa sebuleni, mgonjwa akaachwa chumbani, mlango umerudishiwa. Minong'ono ilikuwa imeanza aliposikika akiuliza, "Mhusika yuko wapi?"

"Nimeuliza."

Benjamini akajibu, "Yuko chumbani, Mama."

"Basi kikao hakijaanza."

Walimtoa na godoro lake. Akaomba kanga mpya, akisema mwenyekiti haongozi kikao na gauni la kulalia. Akafungua kwa sala. La kwanza, hatarudi kwenye mionzi. Likapita kwa machozi. La pili, azikwe Dar es Salaam, si Matombo. Likapita kwa manung'uniko. "Sasa mengineyo," alisema, na wengi wakadhani ni habari za chai.

Alisema hivi. Siku maumivu yatakapoishinda dawa, naye akiwa na akili timamu, akaomba mwenyewe zaidi ya mara moja, angependa daktari aruhusiwe kumsaidia kufa kwa utulivu. Alijua sheria ya nchi yetu hairuhusu. Alitaka kujua kila mmoja anaonaje.

Ghanim alikuwa wa kwanza. "Dada Stella, roho ni amana. Mwenyewe hajaidai."

"Na aliyeitunza haruhusiwi kumwambia mwenyewe kwamba mikono imechoka?"

Ghanim akasema, "Hilo nitakwenda kuliuliza."

Ranjanben alisema, akimwita dada kwa Kigujarati, "Stellaben, mama mkwe wangu alipozeeka sana alikataa chakula. Tulikaa naye, tukamwimbia mpaka akaondoka. Hakuna aliyemwita mwenye dhambi."

"Yeye mlimruhusu njaa," Stella alisema. "Mimi naomba usingizi. Tofauti iko wapi? Nauliza tu, nijue."

Benjamini alisema kwa uchungu. "Mama, kuna watoto wana haraka na nyumba. Sheria ikiruhusu, wazee watasukumwa."

Stella alimnyooshea mkono. "Hapo sasa umeongea kama mwanangu. Lakini hebu tazama sasa hivi. Nani atolewe dripu, nani arudishwe nyumbani, si yanaamuliwa? Yanaamuliwa kwenye korido, kwa minong'ono, mgonjwa akitazama dari. Huko ndiko mtu anakosukumwa, maana haonekani. Mimi nataka sheria yenye mlango wazi. Mgonjwa aombe mwenyewe, arudie. Madaktari wawili wasio ndugu zake wamhoji. Warithi wakae nje. Na akibadili mawazo hata dakika ya mwisho, asikilizwe. Asiyetaka asiguswe, na daktari asiyetaka asilazimishwe."

"Sasa mimi nifanye nini, Mama?"

"Usifanye kitu. Utafungwa, na mimi nitakuwa nimekuharibia maisha. Semeni tu. Niliyoyasema leo yasomwe siku ya mazishi, nikiwa bado mbele ya watu, msiseme nikiwa sipo." Akamgeukia mdogo wake. "Vitalis, wewe unaonaje?"

"Mimi nasikiliza, Dada."

"Basi utaandika wewe. Huna tabia ya kuongeza maneno."

Watu wakacheka, naye akacheka mpaka akashika ubavu. Kikao hakikupata jibu moja. Alisema hakikuitwa ili kipate jibu moja.

Baada ya wiki mbili Ghanim alirudi. "Nimeuliza. Jibu bado ni hapana. Lakini niliyemuuliza amesema kuuliza si dhambi."

"Basi wewe una jibu na mimi nina swali. Kaa, unywe kahawa."

Daktari naye aliulizwa: kama ingeruhusiwa, angemsaidia? Akasema, "Sijui, Mama. Labda. Ila ningeomba nisiwe peke yangu chumbani." Stella alilipenda jibu hilo kuliko yote, akawa anamhadithia kila aliyekuja kumwona.

Mwanzoni mwa Mei dawa haikuyafikia tena maumivu yake. Aliomba kile alichosema ataomba. Alikuwa na akili timamu. Aliomba mbele ya daktari, akaomba tena mbele ya watoto wake. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumjibu. Daktari alimshika mkono, akampa dawa kadiri alivyoruhusiwa. Mara ya mwisho aliyozungumza aliuliza, "Kikao kilifungwa?" Vitalis akamjibu, "Bado, Dada. Mwenyekiti hukukifunga." Akasema, "Kiahirisheni." Alifariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 67.

Wapo katika kamati ya mazishi walioshauri sehemu hii ya mwisho isichapishwe. Benjamini aliwauliza, "Mhusika alisemaje?" Paroko wetu ameusoma wasifu huu, hakubaliani na ombi la marehemu, na akaelekeza usomwe hapa nyumbani kabla hatujaenda kanisani. Marehemu angemshukuru, kwa kuwa amepinga hadharani, mhusika akiwepo. Yuko hapa mbele yetu. Alilotaka lifike kwa wanaotunga sheria tumelisema bila kuongeza neno, na kikao chake tunakiacha wazi.

Ameacha watoto wawili, Benjamini na Editha, wajukuu watano, mdogo wake, Vitalis, na majirani wa Mtaa wa Uhuru, Msimbazi na Mchafukoge, ambao aliwapima kila mmoja kwa vipimo vyake mwenyewe.

Apumzike kwa amani aliyoiomba.