Mguu wa Kushoto wa Mwalimu

Basi lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo maneno ya siti ya kando yangu yalinifikia bila kuyatafuta. Sawa, niliyatafuta kidogo. Fundi cherehani, tepu bado ikining'inia shingoni, alikuwa akimwonyesha abiria mwenzake picha ya gari kwenye simu: dogo, jekundu, milango miwili, lenye mbio. "Nachukua la otomatiki," alisema.

Mwenzake, mzee aliyefundisha udereva miaka thelathini, akaguna kama aliyetukanwa. "Mama, gari la mbio bila klachi ni kucheza ngoma umekaa!"

"Mwalimu, mimi hucheza nimekaa kila siku. Kutwa nakanyaga cherehani. Jioni nataka huu mguu wa kushoto upumzike."

"Lakini gari litakuamulia gia!"

"Heri! Nyumbani naamua mimi: kipikwe nini, nani aoge kwanza, baba watoto avae shati gani. Acha kitu kimoja kijiamulie chenyewe."

Mwalimu hakukubali. Alisifu milima, kona, raha ya kupangua gia. Dereva wetu alipopunguza mwendo akibadili gia, kiatu cha kushoto cha mwalimu kilikanyaga sakafu. Fundi alikitazama. Mimi nilikuwa nakihesabu tangu tulipoondoka: hiyo ilikuwa mara ya kumi na nne.

"Ulistaafu lini, mwalimu?"

"Mwaka wa tisa huu."

"Basi mguu haujapata barua."

Kituo kikafika, fundi akashuka akicheka. Dereva akaingiza gia ya kwanza.

Kumi na tano.