Dume Asiye na Kiwele

Mwaka ule Wadachi walipohamishia boma lao milimani, nilivuka mto Kiwira kwa mtumbwi pamoja na watu wawili wasiojuana. Enoki alikuwa akienda Ipyana kutafuta dume wa kuwapanda ng'ombe wake wanne, ndio pekee walioachwa na ugonjwa wa sotoka. Mama Tusekile alishika kamba ya ndama dume aliyeogelea nyuma yetu, pembe zake fupi kama vidole gumba.

"Huyo ni kitoweo, mama," alisema Enoki. "Mimi nataka dume mwenye pembe za kutazamwa."

"Pembe hazikamuliwi, baba. Mama yake huyu aliugua sotoka akapona. Bibi yake alikuwa akijaza vibuyu viwili kwa siku. Ninyi wanaume mnakamua, mnasahau. Sisi tunaogandisha maziwa ndio tunaokumbuka."

"Lakini dume hana kiwele! Maziwa atayatoa wapi?"

"Binti yako amefanana na nani?"

Enoki alikohoa. "Na marehemu mama yangu."

"Sura hiyo imepitia wapi, kama si kwako?"

Mimi niliyepaswa kutazama mamba nilikuwa nimewasahau kabisa.

Mtumbwi ukagota ukingoni. Ndama akapanda, akajikung'uta, akatulowesha sote. Enoki akaipokea kamba, eti amsaidie mama. Njia ya Ipyana ilikuwa kushoto. Yeye akashika ya kulia, akimfuata ndama.

"Ndaga fijo, baba," alishukuru Mama Tusekile. "Nampelekea kaka yangu."

"Na huyo kaka yako," aliuliza Enoki, "atamhitaji kila siku?"