Bi Rula na Matairi ya Nyuma

Tarehe 30 Juni, Bi Rula anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka thelathini na mmoja, yote katika kitengo cha magurudumu. Wenzake waliniomba niandike machache ya kusomwa siku ya kumuaga, kwa kuwa mimi ndiye niliyeianzisha karakana hii, na kwa kuwa yeye ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu. Daktari ameniruhusu kuandika nikiwa nimeegemea mito. Kuahirisha hakuniruhusu.

Jina la Bi Rula alipewa na wateja, kwa ile rula ya chuma isiyotoka mfukoni mwa ovaroli yake. Alikuja kwetu kutoka chuo cha ufundi akiwa na cheti kizuri kuliko changu, na hakuwahi kuniacha nisahau. Ana ulimi mkali, anapenda viatu vya bei mbaya, na akishinda mabishano hucheka mpaka wanamsikia kule ofisini.

Wateja wake wengi walikuwa vijana wenye sedani, waliotaka magurudumu ya nyuma yawe mapana kuliko ya mbele ili gari lionekane limejikunja tayari kuruka. Hakuwakatalia, kazi hiyo aliipenda. Lakini kwanza aliinama, akaingiza rula kati ya tairi na madigadi, akauliza gari linasukumwa na magurudumu yapi, kisha akawaeleza bila kuficha kwamba matairi ya namna hiyo hayawezi kubadilishana mbele na nyuma, kwa hiyo yale yanayosukuma gari yataisha mapema. Bwana harusi mmoja alileta rimu pana kupita kiasi. Bi Rula akamwambia, "Mwanangu, haya yatakwangua kila ukipita tuta. Bibi harusi atadhani umemkodia mashine ya kusaga." Kijana alicheka, akachukua saizi ndogo, na sasa analeta magari ya watoto wake.

Hayo mnayajua. Lipo moja ambalo mnalijua kwa namna niliyowaambia mimi.

Wengi mmesikia habari ya sedani nyeusi. Lilikuwa gari linalosukumwa na magurudumu yote manne. Katika gari kama hilo, matairi ya nyuma yanaweza kuwa mapana zaidi, lakini kimo chake lazima kilingane na cha yale ya mbele, la sivyo mtambo unaogawa nguvu huvutana na nafsi yake mpaka uungue. Bi Rula alichagua 225/45 mbele na 255/40 nyuma. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu wake kwa asilimia ya upana huo. Tairi likipanuka, namba hiyo sharti ishuke ili kimo kibaki kilekile. Stoo hatukuwa na hayo ya 40. Tulikuwa na 255/45 yaliyokaa mpaka yakashika vumbi, nami nilitaka yatoke.

"Shemeji, ukifunga hayo nyuma itapanda," aliniambia. "Mwambie mteja asubiri."

Kesho yake asubuhi alimpeleka mama yake hospitali. Nikamwamuru mwanangu, aliyekuwa fundi kijana chini yake, ayafunge kabla Bi Rula hajarudi.

Haukupita muda, gari likarudi likivutwa. Mwenyewe alisimama katikati ya karakana, akauliza kwa ukali ni nani aliyechagua matairi yale. Nikanyoosha kidole. "Ni yule pale."

Bi Rula alikuwa amechuchumaa akipachika vali. Aliniangalia mimi, kisha akamwangalia mwanangu, anayemwita mama mdogo tangu alipojua kusema. Kijana alirudi nyuma hatua moja. Bi Rula akarudi kwenye vali yake.

Cheo cha mkuu wa kitengo, kilichokuwa haki yake, nilimpa mwanangu mwezi uleule. Nyumbani, mke wangu alimwambia mdogo wake mezani, "Umetutia aibu, halafu bado unakuja kula kwetu?" Nilikuwa natafuna. Nikaendelea kutafuna. Bi Rula alinawa mikono, akaondoka, na hakukanyaga tena kwetu mpaka siku ya msiba. Dada yake alikufa akiamini kwamba mdogo wake ni mzembe. Hilo hakuna maandishi yatakayolirekebisha.

Basi ijulikane kwa kila aliyeketi hapa: matairi yale niliyachagua mimi. Bi Rula alipima sawasawa, akasema mapema, na akanyamaza kwa ajili ya mtoto. Nimemtaka mtoto huyo, ambaye leo ana mvi, ayasome maneno haya mwenyewe bila kuruka mstari.

Nilipompigia Bi Rula simu kumwambia kwamba nitaandika wasifu wake, alijibu, "Andika mfupi, bosi. Watu watakuwa na njaa." Tangu siku ya sedani nyeusi, hajaniita shemeji.

Bi Rula, asante kwa kazi yako. Sikuombi msamaha hapa, kwa sababu mbele za watu mtu hulazimika kusamehe. Nakutakia afya, viatu vizuri, na watu watakaokuamini ukitaja kipimo. Nyumba ya dada yako iko palepale, na funguo nimempa mwanao, huyu anayekusomea. Aliyekufanya usitake kuingia hatakuwamo kwa muda mrefu.