Aloys Nshimirimana na Koti Lake, 1968–2025

Aloys Nshimirimana alizaliwa tarehe 3 Juni 1968 huko Busoni, mkoa wa Kirundo, nchini Burundi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Ndayambaje na wa Mama Marcienne, ambaye ameketi hapa mbele yenu, na maneno haya yametoka kinywani mwake. Ulikuwa mwezi wa kiangazi, lakini siku hiyo ilinyesha mvua ya kulaza migomba chini, na asiyeamini aende Busoni akaiulize migomba. Mtoto hakulia. Alitazama kitambaa walichomfunga, akaona pindo limeenda upande, akakunja uso. Mkunga alicheka hadi akasahau kukata kitovu.

Alisoma shule ya msingi ya misheni mpaka mwaka wa sita, mwaka 1982. Mtihani wa kwenda sekondari haukumwendea vizuri. Siku majina yaliposomwa alirudi nyumbani kwa kupita nyuma ya migomba ili majirani wasimwone, akakaa jikoni bila kutoka mpaka moshi ukawa unamjua kwa jina. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba Aloys ni mtu wa aibu. Watu wengine aibu huwashika usoni, ikapita. Yeye ilimwingia mifupani na kupanga humo.

Masista wa misheni walimfundisha ushonaji. Nguo ya kwanza aliyojishonea mwenyewe ilikuwa koti la kijivu lenye vifungo vitatu. Likichakaa alishona jingine lile lile, rangi ile ile, na tangu hapo hakuna aliyemwona nje ya nyumba yake bila koti na viatu vilivyopigwa kiwi. Alisema fundi ndiye dirisha la duka lake.

Tarehe 27 Julai 1996 alifunga ndoa na Vestine. Vestine alikuja kwake kwanza kama mteja, kulalamika kwamba mkono mmoja wa gauni ni mrefu kuliko mwingine. Aloys akarekebisha. Wiki iliyofuata Vestine akarudi, pindo limefumuka. Akarudi tena, kifungo kimekatika. Mwisho Aloys akamwuliza, “Gauni hii inapigana na nani?” Mjane yupo hapa, na anakubali kwamba alikuwa akizikata nyuzi kwa meno akiwa njiani. Mungu aliwapa watoto wawili, Élyse na Prudence.

Mwaka 2015 familia ilikimbia. Aloys alibeba kichwa cha cherehani begani, na wanaosema alivuka mto wa mpakani bila kulowa wametia chumvi. Alilowa mpaka kifuani. Kilichovuka kikavu ni koti, lilikuwa kichwani. Walifika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwezi wa Septemba, wakapewa kiwanja hapa Kashojwa. Aloys akaweka cherehani kwenye baraza, na ndani ya mwaka mmoja alikuwa ameshona sare za shule, kanzu za kwaya na suruali za nusu ya kigango. Pasi yake ya mkaa ilikuwa kali kiasi kwamba nzi waliokuwa wakienda sokoni walizunguka nyuma ya nyumba.

Élyse alipomaliza sekondari alitaka kusomea uandishi wa habari. Lilikuwepo shirika la mjini Mbarara lililokuwa likitoa ufadhili kwa wanafunzi wa chuo kikuu wanaosomea kazi hiyo, na kila mwombaji alitakiwa kutuma filamu fupi aliyoitengeneza mwenyewe. Mwaka 2021 Élyse alimpiga baba yake filamu akiwa kwenye cherehani, ndani ya koti lake, akieleza namna ya kumpima mtu mnene bila kumwudhi. Watu wote walioiona walicheka na kuipenda. Shirika halikumchukua.

Mwaka uliofuata Élyse alikuja na wazo jingine.

“Papa, toa koti.”

“Kuna joto?”

“Hapana. Toa tu. Na viatu.”

Alimpeleka nyuma, kwa jirani yetu Mzee Muhirwa, Mkongomani mfugaji kutoka Kivu ya Kusini, ambaye ana kibanda cha ndama. Akamketisha chini mlangoni mwa kibanda kile, miguu mitupu mbele, na kumwambia aseme kwamba hapo ndipo analala na kwamba hajala tangu juzi. Ilibidi irudiwe, kwa sababu mara ya kwanza alicheua maharage. Mara ya pili alisema vizuri. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye nguzo ya zizi, nyuma ya simu ya Élyse, na ndama alikuwa ameanza kulilamba mkono. Aloys akawa analitazama. Wafadhili walipoona macho yale waliandika kwamba hawajawahi kuona huzuni ya namna hiyo.

Élyse akapata ufadhili. Agosti 2022 alienda Mbarara, akapata chumba kwa masista wa Nyamitanga, na nyumba nzima ilicheza. Aloys alicheza akiwa amevaa koti lililofuliwa mara tatu.

Filamu haikubaki kwa wafadhili. Iliwekwa mtandaoni, ikazunguka, ikarudi Nakivale ndani ya simu za watu. Wa kwanza kuja alikuwa Muhirwa.

“Aloys, ndugu yangu, uliambia bazungu unalalaka mu nyumba ya ndama yangu?”

“Nilisema hivyo, ndiyo.”

“Ndama yangu analala peke yake! Sasa batu ba kule soko ya Endiinzi banauliza kama ninapangisha fasi kwa batu. Ungeniambia, ningefagia hata kidogo.”

Muhirwa alicheka, akamshika bega, akaenda zake. Kwake yaliisha hapo. Jumapili haikuwa hivyo. Kigango chetu kina desturi njema: mwenye shida hatajwi jina, hutangazwa tu baada ya misa kwamba kuna ndugu anahitaji kusaidiwa, na kila mmoja hutoa alichonacho. Siku hiyo mwenyekiti wetu Damascène alisimama, akasema kwa upole, “Ndugu zangu, yuko mwenzetu asiye na viatu. Hatutamtaja.” Kanisa zima likageuka kutazama miguu ya Aloys. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa kiasi cha kujitazama ukanyoa ndevu. Hakuna aliyeviona. Waliona vile visivyokuwepo.

Asubuhi ya Jumatatu viatu vilikuwa vimepangwa kwenye baraza, karibu na cherehani. Vya mpira, vya ngozi, kimoja cha mwanamke. Hakuweza kuvirudisha, kwa sababu kuvirudisha ni kusema kwamba binti yake amedanganya, na ufadhili ungekwenda. Akaviingiza ndani, akashukuru kila aliyepita.

Kule chuoni nako, mwalimu wa Élyse aliwafundisha jambo moja siku ya kwanza ya somo la picha: “Mwandishi wa habari hapangi watu kama viti.” Élyse aliandika maneno hayo, na kwa mujibu wake mwenyewe, aliyekubali yasemwe leo, hakuinua macho mpaka kipindi kikaisha. Alipokuja likizo alimrudia baba yake maneno hayo ya viti, akamwambia anataka kwenda kwa wafadhili kusema ukweli.

“Soma kwanza,” Aloys alimjibu. “Aibu hii ni yangu, mimi ndiye nilitoa viatu. Wewe soma.”

Februari 2023 Aloys alimpelekea viazi chuoni. Basi lilimshusha Kakoba, mtaa wa Mbarara, na alipoinua kichwa akajiona ukutani, mkubwa kama mlango wa kanisa, miguu mitupu mbele, macho yamejaa lile koti. Wafadhili walikuwa wamebandika picha kuwaita wanafunzi wapya. Kijana wa bodaboda akamkaribia.

“Mzee, tunaenda wapi?” Kisha akaona anakotazama. “Eh, huyo mzee, bambi, maskini! Hata viatu hana. Unamjua?”

“Kidogo.”

“Anakaa wapi?”

“Ana koti,” Aloys akasema. “Koti lake liko karibu.”

Kijana hakuelewa, akampakia mpaka Nyamitanga. Aloys akatoa viazi, akamsalimia binti yake, akamwuliza kama anakula vizuri. Hakusema neno la ukutani. Wala Élyse hakusema, ingawa kwa wiki nyingi alikuwa akizunguka mbali kwenda sokoni ili asipite pale. Baba na mtoto walikula viazi wakizungumza habari za mvua.

Usiku aliporudi alimwambia mama yake, “Mama, nimejiona ukutani.” Akafunga kamba za viatu mara mbili, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeuona mguu wa Aloys. Alioga gizani. Vestine anasema alilala na soksi, baadaye akawa analala na viatu, na alipomwuliza alisema anangoja kuamka mapema.

Ugonjwa wake ulikuwa wa sukari. Ulijulikana tangu 2020 na alikuwa akinywa dawa. Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2025 sindano iliyovunjika ilipenya soli ya kiatu chake cha kulia, ikamchoma. Mwenye sukari hasikii vizuri miguuni, nasi hatukujua. Kidonda kikaanza. Alikwenda zahanati, muuguzi akamwambia avue viatu apimwe, akasema amekuja kwa ajili ya kichwa. Akapewa dawa ya kichwa. Alikwenda tena, akasema mgongo. Mtu huyu aliyeweza kuona pindo limepinda akiwa ng'ambo ya barabara aliuacha mguu wake uoze ndani ya kiatu kilichopigwa kiwi, kwa sababu mara moja tu katika maisha yake alivua viatu mbele ya watu, na waliomwona wakawa wengi kuliko watu wa Burundi nzima. Tungependa kuwasomea kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Hatutasoma hivyo. Aliugua miezi, akiwa katikati yetu, na sisi tuliokuwa tumemletea viatu hatukumwuliza kilichomo ndani ya vile alivyovaa.

Élyse alikuja mwezi wa Agosti, akasimama mlangoni, akasikia harufu. Alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake.

“Papa, toa viatu.”

Aloys akarudisha miguu chini ya kiti. “Uko na kamera?”

“Hapana, Papa.”

“Simu je?”

“Iko mfukoni.”

“Iweke inje.”

Élyse akaipeleka simu nje, akaiweka juu ya cherehani, akarudi. Akafungua kamba zile zilizofungwa mara mbili, polepole, na Aloys akageuza uso ukutani mpaka kazi ikaisha.

Muhirwa alitafuta gari, wakampeleka hospitali Mbarara. Mguu ukakatwa chini ya goti. Wiki ile ile Élyse alikwenda kwa wafadhili, akawaeleza habari ya kibanda, ya ndama na ya maharage. Walimsikiliza. Picha ya Kakoba ikashushwa. Kuhusu masomo yake, yaliyobaki muhula mmoja, walisema watamjulisha. Mpaka leo hawajamjulisha, naye hakuja hapa kujificha: ndiye yule aliyesimama karibu na mama yake.

Alipomweleza baba yake, Aloys aliomba koti. Walimvalisha, akafunga vifungo vyote vitatu mwenyewe, akaomba kiatu cha kushoto.

“Sasa piga picha,” alisema. “Mpaka chini.”

Élyse akavuta blanketi kufunika mahali pasipokuwa na mguu.

“Acha blanketi. Nani alikufundisha kupanga watu kama viti?”

“Mimi mwenyewe, Papa.”

“Basi jifundishe tena. Piga.”

Ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye damu. Aloys alifariki Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, alfajiri, akiwa na miaka hamsini na saba, Vestine amemshika mkono. Mama yake anasema alikuwa anatengeneza pindo la shuka, na katika hili hajatia chumvi hata kidogo.

Ameacha mama mzazi, Marcienne, aliyetarajia kuzikwa na mtoto huyu na wala si kumzika. Mjane wake, Vestine. Watoto wake, Élyse na Prudence. Jirani yake Muhirwa, aliyeomba kutajwa pamoja na ndugu wa damu. Na kanzu zote za kwaya mnazoziona hapa. Amevaa koti lake. Viatu vyote viwili vimo ndani ya jeneza, kwa sababu alivinunua vikiwa viwili.

Baada ya maziko, ndugu wa kigango mnaombwa kupita nyumbani. Viatu mlivyomletea viko barazani. Alivishona vilipokatika na kuvipiga kiwi vyote. Kila mtu achukue vyake, na mwenye kile kimoja cha mwanamke asione haya kujitokeza.

Picha iliyo mbele ya karatasi hii ndiyo ile ya hospitali. Haikupangwa. Katika picha ya ukutani anatazama koti. Katika hii koti amelivaa, na anayemtazama ni mtoto wake.

Mungu ampokee Aloys kama alivyo, ampe mahali pa kulala kwa amani, na asimwulize habari za viatu.